Glezi juu ya Mercedes ya Édouard

Benchi langu liko Kasuku, mtaa wa mji wa Kindu, kwenye kona ya njia inayoteremka kuelekea mtoni. Nasema langu kwa sababu mbao nilinunua mimi, misumari nilinunua mimi, na wanaume wanaolikalia kila asubuhi hawajawahi kuniokotea hata kikombe kilichoanguka. Mimi ni Aïcha, muuza kahawa. Tangu jua linapochomoza nawasikia wakiitengeneza nchi, na nchi iko vilevile. Wa kwanza ni Mukuna, mstaafu wa reli, tunamwita Chef de Gare, mkuu wa stesheni, ingawa treni yenyewe hufika siku inayojisikia. Wa pili ni Twaibu, aliyekuwa mlinzi wa mlango wa mahakama. Kwa kusikiliza kesi za watu pale mlangoni amejipa jina la Maître, kama wakili, na sisi kwa uchovu tumemwachia. Wa tatu ni Jeannot, tunamwita Satellite, kwa kuwa hakuna habari duniani asiyokuwa nayo, hasa zile ambazo hazijatokea. Asubuhi ile wote watatu walikuwa wanaangalia gari lililosimama mbele ya nyumba, upande wa pili wa njia.

Lile ni gari la Mama Jeannette, Mercedes nyeusi. Mume wake, Édouard, alilileta kwa treni kutoka Lubumbashi kabla ya vita. Vita vilipoingia Kindu, watu wenye bunduki waliichukua nyumba yake, na alasiri moja wakamchukua na yeye mwenyewe palepale uani, wala hajarudi mpaka leo. Mama Jeannette alivuka mto Lualaba na mimba yake, akaishi ng'ambo, Alunguli, mpaka vita vikaisha. Aliporudi alilikuta gari uani bila magurudumu, na kapo yake, kile kifuniko cha injini, imegeuzwa ubao wa dama. Walikuwa wameuchora kwa chaki, wakacheza kwa vifuniko vya chupa za bia, na vifuniko vile vina meno. Chaki ilitoka kwa mvua ya kwanza. Mikwaruzo ilibaki, midogo, mingi, yote inakwenda mshazari, na jua likipiga unaona ubao mzima. Mji wote unajua kwamba ni dama. Zaidi ya hapo hakuna anayeuliza.

Sasa ile mimba ndiyo Bénie, na Jumamosi anaolewa. Mama Jeannette amehangaika mpaka injini ikaamka, magurudumu yakapatikana, na shauri lake ni moja tu: binti yake aingie kanisani kwa gari la baba yake, na asiwepo mtu wa kuona ubao ule. Mahali pa baba atasimama Mukuna. Kila siku anatuambia kwamba yeye na Édouard walikuwa kama mate na ulimi, na wiki nzima anazunguka na koti la harusi mgongoni ili, anavyosema, limzoee.

Jules akatokea na kikopo mkononi. Huyu ni kijana aliyejifunza kuosha magari Goma, na tangu arudi anaitwa Docteur. Jina hilo pia alijipa mwenyewe. Hapa kwetu vyeo havina bei.

— Docteur, akaita Mukuna. Ile maziwa uko nayo mu kopo ni ya nini?

— Si maziwa, Papa Mukuna. Inaitwa glezi.

— Glezi njo nini? Polishi?

— Hapana. Polishi inakata rangi. Rangi ya gari ya zamani sawa hii, ukikata mara mingi, utafika ku chuma. Glezi haikati, inajaza. Inaingia mu ile mikwaruzo kidogo-kidogo, inatulia mule ndani, na jua ikipiga haioni tena fasi ya kukamata.

— Kwa hiyo mikwaruzo inapona, akasema Twaibu.

— Inafichama, Maître.

— Kupona na kufichama, mbele ya sheria, ni kitu kimoja. Kama hakuna anayeona, hakuna mulalamikaji.

Jules alivuka njia. Tulimwona akiifuta kapo kwa kitambaa kikavu, kisha akasimama, akainamisha kichwa upande huu na upande ule, kama mtu anayetafuta sindano. Akarudi.

— Wapapa, niulize kitu. Mimi ku Goma nimeona gari za kila namna, lakini mikwaruzo ya hivi sijaona. Yote inaenda mushazari. Nani alifanya vile?

Ungemwona Mukuna alivyokiangalia kikombe chake, ungedhani kimeandikwa Injili. Kisha Mukuna akakohoa.

— Ni muchanga, akasema. Kuko watoto walikuwa naosha na muchanga ya Lualaba.

— Hapana, Papa. Mukono ya kuosha inazunguka, muchanga inaacha viduara. Hapa ni mistari.

— Basi ni mbuzi, akasema Twaibu. Wakati ya vita mbuzi walikuwa napanda fasi yote.

— Mbuzi anatembea mushazari?

— Mbuzi wa vita, mutoto. Bunduki zinalia, unazani mbuzi atatembea sawa muntu anaenda ku kazi? Alikuwa anakwepa!

— Anakwepa juu ya kapo?

— Na njo maana unaona mistari inarudi. Alienda, akasikia bunduki, akarudi. Mimi kwa kesi hii naweza kushuhudia ata leo.

Satellite alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma, kama mwalimu anayesikiliza darasa la kwanza.

— Munanichekesha, akasema. Mbuzi! Ile mikwaruzo ilitoka juu. Wakati ule wazungu walikuwa na mashine mu mbingu, inatafuta madini. Inatuma mwangaza chini, inapiga udongo, inaandika. Sasa siku ile mwangaza ikakosa udongo, ikaangukia gari ya Édouard. Hii tunaona hapa si mikwaruzo, ni carte, ramani! Ukifuata ule mustari wa kushoto, bila kugeuka, unatokea Kampene, juu ya zahabu.

— Na ule wa kuume? nikamuuliza.

— Ule wa kuume ni siri ya serikali, Mama Aïcha.

Jules, maskini, akawauliza swali la adabu kabisa: wao wenyewe walikuwa wapi wakati huo?

— Ku kijiji, Tunda, akasema Mukuna.

— Tunda, akasema Twaibu.

— Mimi nilipita Tunda, nikaendelea, akasema Satellite.

Hapo nikaweka birika chini. Tunda ni kwetu. Nilizaliwa huko na vita vyote nilivimaliza huko, na ni mahali ambapo ukinunua chumvi asubuhi, mchana jirani anakuuliza kwa nini umechukua nyingi. Wanaume watatu wa mjini wangefika Tunda, watoto wangewafuata mpaka chooni.

— Chef, nikasema, Tunda ulikuwa unakaa fasi gani?

— Kule... upande wa muti mukubwa.

— Tunda kuko miti mingi mikubwa.

— Ule mukubwa kabisa.

— Ule mukubwa kabisa uko mu shamba ya baba yangu.

— Basi pengine ulikuwa bado mudogo, hautukumbuki, akasema, na akaniletea kikombe nimwongeze.

Nilikuwa nimeshamzaa mtoto wangu wa kwanza. Nikamwongezea kahawa, ya chini yenye machicha.

Jules akaenda kufanya kazi yake, na hapo nitamsifu, kwa sababu kijana alikuwa na mkono. Alichukua glezi kidogo kwenye sifongo, akaipaka taratibu sehemu ndogo-ndogo, akaiacha ikauke mpaka ikawa kama ukungu, kisha akaifuta kwa kitambaa laini bila kubonyeza. Kila alipofuta, ubao ulipungua. Mistari ilikuwa inaondoka mbele ya macho yetu, na alipomaliza, kapo ilikuwa nyeusi kama chungu cha maji, unaona mawingu ndani yake. Hata wale watatu walinyamaza, jambo ambalo sijawahi kulilipia lakini ningelipia.

Mama Jeannette akatoka ndani. Alisimama mbele ya gari, mkono wake ukapita juu ya kapo bila kuigusa, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akalia, palepale njiani, mbele ya watu.

— Njo vile ilikuwa siku Édouard aliishusha mu wagon, akasema. Njo vile kabisa.

Na mimi nikalia. Sioni haya kusema. Mwanamke amevumilia ubao wa watu wale mlangoni kwake miaka yote hii, kila akitoka anauona, kila akiingia anauona.

— Mama, akasema Jules, musiguse na maji mpaka Jumamosi. Sabuni, hapana kabisa. Sabuni ikifika pale, inabeba glezi yote. Mimi naenda kutafuta kitambaa ingine safi, nitarudi kufanya milango.

Akaondoka. Mama Jeannette akaingia ndani kumwita Bénie aje kuona. Na benchi, lililokuwa limetulia, likafunguka upya.

— Hii kitu inafaa kuletwa mingi, akasema Twaibu. Tuipake barabara.

— Barabara wanapakaga, nikasema. Mukubwa akikuja kutoka Kinshasa, wanajaza mashimo na udongo, wanapaka mawe chokaa. Ndege yake ikiruka tu, mvua inanyesha, mashimo inarudi na watoto wake.

— Kwa hiyo serikali iko na glezi tangu zamani, akasema Satellite. Nilijua! Kuko depo yake, chini ya ardhi.

— Mimi nitapaka nayo bibi yangu, akasema Twaibu. Ile fasi ya mudomo.

— Bibi yako atakupaka wewe kwanza, nikamwambia.

Ikapita pikipiki mbio, imebeba magunia, ikatimua vumbi jekundu, na vumbi likatua juu ya kapo. Kidogo tu. Ungelipuliza kwa mdomo lingeondoka. Lakini Mukuna alisimama, akavuta koti lake mbele, sura yake ikawa ya baba wa bibi harusi.

— Hapana, akasema. Mutoto wangu hawezi kuona gari yake ya kwanza na vumbi.

— Chef, Jules amesema hapana maji.

— Jules ni wa Goma. Ku Goma wanaogopa maji. Siye ku reli tulikuwa naosha mawagon, na wagon ni kubwa kuliko hii.

Kabla sijaweka kikombe chini, alikuwa ameshanyakua ndoo yangu ya kuoshea vikombe, imejaa povu la sabuni ya unga, ileile tunayofulia nguo. Satellite akamfuata na kitambaa. Twaibu akabaki amekaa, anatoa maelekezo: sheria inasema muanzie juu. Nilipiga kelele, lakini nani humsikiliza muuza kahawa wakati mabwana wako kazini? Mukuna aliisugua kapo ile kama anayesugua sufuria ya ugali iliyoungua. Alisugua kwa mapenzi, nashuhudia. Kisha akamwaga ndoo yote na kurudi nyuma atazame kazi yake.

Maji yaliteremka. Jua lilikuwa limepanda, likaikausha kapo haraka, na ubao ukarudi. Mstari mmoja, halafu mwingine unaoukata, halafu mingine mingi, mpaka dama nzima ikakaa palepale ilipokuwa.

Mama Jeannette alitoka wakati huohuo, amemshika Bénie mkono. Bénie akasema, "Lakini mama, ulisema..."

Jules akarudi na kitambaa chake safi. Akaitazama kapo, akaitazama ndoo.

— Nani?

Wanaume watatu wakaiangalia ndoo, kama yenyewe ndiyo iliyovuka njia.

— Glezi yako ni ya uongo, akasema Mukuna. Haivumilii ata sabuni.

— Papa, nilisema hapana sabuni!

— Daktari wa kweli hasemi hapana. Anaponesha muntu.

— Iko imebakia kidogo mu kopo, Jules akamwambia Mama Jeannette, mkali na karibu kulia. Naweza kurudilia. Ni kapo tu, itatosha.

Wakati huo pikipiki nyingine ikasimama kwangu, na akashuka mwanamume mwenye tope mpaka magotini. Alisalimia kila mtu, akaomba kahawa, akajitaja: yeye ni Misenga, baba mdogo wa bwana harusi, ametoka Kampene kuja kusaidia kutayarisha Jumamosi. Mama Jeannette akajikausha uso haraka, akampokea kama mkwe anavyopokewa, na akajaribu kusimama kati yake na gari. Lakini Misenga alikuwa ameshaona. Uso wake ukafurahi.

— Ah! Hapa walicheza dama! Siye ku chantier, kule tunachimba zahabu, tunacheza hivi-hivi, juu ya pipa. Na vifuniko. Moja anaweka meno chini, mwenzake anaweka mugongo chini, njo musichanganye.

— Ni waaskari, akasema Mama Jeannette. Ile wakati.

Misenga akaacha kutabasamu.

— Pole, mama. Tulisikia habari ya baba ya Bénie. Pole sana.

— Ndiyo, waaskari! akasema Twaibu kwa nguvu.

— Waaskari kabisa! akasema Satellite.

Mbuzi wakafa wote hapo, na mashine ya mbinguni ikazimika. Misenga akainama tena juu ya kapo, kwa sababu mcheza dama hawezi kuuacha ubao bila kuusoma. Kidole chake kikafuata mikwaruzo hewani.

— Mwenye meno alikuwa mukali, akasema. Tazama hapa, na hapa. Kila mara amefika ku mwisho, amepata dame, kete ya mufalme. Mwenye mugongo alikuwa napigwa kila siku.

— Wapi! akaruka Mukuna. Wenye meno walikuwa waaskari, na hawakujua kucheza ata kidogo! Ile mistari ni ya kukimbia! Muulize muntu yeyote, mimi mukubwa wao mwenyewe nilimupiga mara...

Akafunga mdomo. Alichelewa.

Twaibu aliutafuta mto kwa macho, ingawa kutoka pale hauonekani. Satellite alikuwa hana habari yoyote.

— Ukikataa kucheza walikuwa napiga, akasema Twaibu mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Walikuwa natuita. Nani angekataa?

Na huenda ni kweli. Mimi sikuwepo, na vita vilimkalisha mtu yeyote mahali popote vilipotaka. Kama wangesema hivyo miaka yote hii, pengine Mama Jeannette angewapa maji ya kunywa na yangekwisha. Lakini walisema Tunda. Walisema mchanga na mbuzi, na Mukuna akashonesha koti la harusi.

Misenga hakuwa mtu wa ugomvi. Aliuliza polepole, kama mtu anayetaka kuuelewa mchezo tu:

— Mulikuwa nacheza hapa uani, sivyo? Sasa siku ile wanamubeba mwenye gari, anapita hapa mbele yenu, zamu ya kucheza ilikuwa ya nani?

Niliwatazama mmoja mmoja. Nimewasikia wanaume hawa wakijibu kwa nini mwezi haudondoki. Wameniambia mimi jinsi ya kuzaa. Hakuna aliyefungua mdomo. Bénie alikuwa anamtazama Mukuna, wala hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja, kama binti anavyongoja baba yake aseme neno. Mukuna akavua koti, akalikunja, akalipakata.

Jules alikuwa ameshafungua kikopo.

— Mama, nipake?

— Funga, akasema Mama Jeannette. Itaenda ku kanisa vile iko.

— Jeannette, akasema Mukuna. Sasa mimi, Jumamosi...

— Jumamosi mutoto wangu nitamushika mukono mimi mwenyewe, Papa Mukuna. Wewe utakuja, utakaa na wengine. Kukaa unajuaga.

Akamchukua Bénie, akamwambia Misenga aingie apumzike, wakaingia ndani. Jules akaanza kufanya milango kwa kitambaa kikavu.

Mukuna alirudi benchini. Akakaa na koti lake mapajani, akaninyooshea kikombe.

— Mama Aïcha, niongeze kidogo.

Birika lilikuwa zito mkononi mwangu, halijapungua hata nusu.

— Kahawa imekwisha, nikamwambia.